Kigeuzi sauti cha USB kilichokuwa kikikwaruza: uzoefu wangu wa miezi minne

Nilitaka kusikiliza kanda za marehemu baba, taarabu na dansi alizozirekodi redioni, ambazo nilishazihamishia kwenye kompyuta. Tundu la hedifoni la laptopu yangu lina mvumo unaoudhi, basi nikanunua kigeuzi sauti kidogo cha USB, kifaa kinachogeuza data ya kompyuta kuwa sauti ya hedifoni, kwa shilingi 85,000. Ukubwa wake hauzidi kiberiti. Ninacho mwezi wa nne sasa, na wiki tatu za mwanzo nusura nikirudishe dukani.

Siku ya kwanza hakikuonekana kabisa. Taa ya buluu inawaka, kompyuta kimya, kama vile sijachomeka kitu. Waya wake niliuona mfupi, nikatumia ule wa kuchajia simu. Kumbe waya nyingine za chaji ndani zina nyuzi mbili tu za umeme, zile mbili za kupitishia data hazimo. Kifaa kinapata umeme ila hakina njia ya kuzungumza. Niliporudisha waya wake kikatambulika papo hapo, wala sikusakinisha chochote, maana Windows 10 tangu toleo la 1703 la mwaka 2017 ina draiva yake, yaani programu ya kuzungumza na kifaa, ya vigeuzi vya daraja la pili la sauti la USB (USB Audio Class 2).

Ndipo mikwaruzo ikaanza. "Tak", kimya, halafu "tak tak", tena pale hasa fidla inapobaki peke yake. Nikampigia muuzaji, naye akasema, "Kilete tu, kaka, nikubadilishie." Kabla sijatoka nikakichomeka kwenye simu kwa adapta ya OTG, ile ya kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, nikapiga wimbo uleule. Safi, mwanzo hadi mwisho. Jaribio la dakika tano, na mimi nilikuwa nimeshakilaani kifaa cha watu wiki nzima.

Shida ilikuwa upande wa kompyuta basi. Ukinakili faili kwenda kwenye flashi, kipande kikiharibika njiani hutumwa upya na wewe hujui. Sauti haina nafasi hiyo. Hupelekwa kwa zamu, 8,000 kwa sekunde kwenye kigeuzi changu, na kilichopotea hakirudiwi. Sampuli 44,100 za kila sekunde ya wimbo, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti, hazigawanyiki sawasawa kwa zamu hizo, kwa hiyo zamu moja hubeba sampuli tano, nyingine sita, na kigeuzi chenyewe ndicho kinachoiambia kompyuta iongeze au ipunguze. Kompyuta ikizubaa, akiba iliyomo ndani ya kigeuzi inakauka, unasikia "tak".

Na yangu ilikuwa na sababu tele za kuzubaa. Kigeuzi kilikuwa kwenye kigawa-USB kimoja na mausi na diski ya nje, diski yenyewe ndiyo yenye nyimbo, wote wananyonya umeme na data kwenye tundu moja. Nilipokihamishia kwenye tundu la laptopu moja kwa moja, mikwaruzo ilipungua sana. Kisha nikaingia kwenye mipangilio ya umeme nikazima ile ya kuzisinzisha USB ili kubana matumizi. Ikawa wimbo wa kwanza haukatwi tena kichwa.

Ilibaki mikwaruzo miwili mitatu kwa saa, na hiyo ndiyo iliyonitesa. Nikaendesha LatencyMon, programu ya bure inayoonyesha draiva ipi inaichelewesha kompyuta. Ikaninyooshea kidole Wi-Fi. Nilipoizima, mikwaruzo ikatoweka. Nikaweka draiva mpya ya Wi-Fi, nikaiwasha tena, na mpaka leo sijasikia "tak". Nani angeshuku Wi-Fi?

Kigeuzi chenyewe nakipa nne kati ya tano. Sauti imetulia, zumari linasikika na pumzi zake. Nyota moja nimeikata kwa sababu tundu lake la waya limeanza kulegea, ukiligusa tu kinajizima. Kuna pia mngurumo mdogo laptopu ikiwa kwenye chaji na kigeuzi kimeunganishwa na amplifaya ya sebuleni. Nikichomoa chaja unaondoka, kwa hiyo jioni nasikilizia betri. Waya za dhahabu za laki na nusu alizonionyesha muuzaji sikununua. Huu wa sanduku ni mfupi, lakini nimesogeza meza.