Eka mbili za kulima: wapi pa kununua kati ya Nakuru na Kitale

Panda pikipiki na broka wa mashamba pale Njoro uone atakuonyesha nini kwanza. Lami. Kisha nguzo za stima, kisha shule ya karibu. Udongo hautajwi mpaka uulize, na ukiuliza unaambiwa, "Hapa kila kitu kinamea, mkubwa." Hadanganyi sana, maana bei ya eka hufuata lami na mji kweli. Lakini viazi havina habari na lami mpaka siku ya kupakia lori. Haya nayaandika kwa anayetaka eka mbili hadi tano za kulima. Anayetafuta ploti ya hamsini kwa mia angoje ipande bei, yeye ana hesabu zake.

Hesabu yangu huanza na kodi. Kabla ya kuuliza bei, uliza majirani eka moja inakodishwa shilingi ngapi kwa mwaka. Anayekodi hulipa kile anachojua udongo utamrudishia, hana haja na ndoto za barabara kuu. Tuseme eka inakodishwa 15,000 na inauzwa 1,500,000: kodi itachukua miaka 100 kuirudisha bei hiyo. Nyingine inakodishwa 12,000 na inauzwa 600,000, hiyo ni miaka 50. Ya pili ndiyo shamba. Ya kwanza unanunua mji unaosogea, na mahindi ni ya kuzuia magugu tu.

Nafasi ya kwanza naipa miteremko ya Njoro kupanda Elburgon na Molo, kilomita tatu nne ndani ya barabara ya maramu. Udongo ni wa volkano, mwepesi kulima, na mvua haichezi sana. Kiazi cha Shangi hukomaa kwa miezi mitatu hivi, kwa hiyo mwaka mmoja unaweza kuvuna mara mbili, na kodi ya huko inalijua hilo. Kasoro ni barabara: Mei lori likikwama, mnunuzi wa viazi anakata bei palepale shambani. Ukipanda juu zaidi kuna sakitu, baridi ya kugandisha inayochoma majani usiku mmoja. Na ukisogea mpaka wa msitu wa Mau, rudi nyuma. Watu wameondolewa huko zaidi ya mara moja, wengine hati mkononi.

Ya pili ni Trans Nzoia, kaunti ya mji wa Kitale. Ukitaka eka tano kwa pamoja, tambarare, trekta ligeuke bila kugonga ua wa mtu, nenda huko. Ila mahindi ya Kitale hukaa shambani tangu Aprili mpaka karibu na Novemba, kwa hiyo hesabu mavuno makubwa mara moja kwa mwaka. Pima udongo kabla ya kulipa, maana mashamba mengi yametiwa mbolea ya DAP miaka nenda miaka rudi na asidi imepanda. Kipimo chake ni pH, na kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi: ikishuka chini ya 5.5, fosforasi hujifunga na mbolea unayomwaga hailiwi na mmea. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ile inayochimbwa Koru, na gharama yake ni haki yako kuiondoa kwenye bei. Jambo la pili: ardhi nyingi huko ilitoka kwenye skimu za makazi, mashamba ambayo serikali iliwagawia watu kwa mkopo, na deni la skimu lisipolipwa hati haiwi huru. Barua ya kugawiwa ardhi si hati.

Hapo kwenye karatasi nikae kidogo, kwa sababu shamba zuri lenye karatasi mbovu halina thamani. Niliwahi kuachia arubuni baada ya kuonyeshwa cheti cha hisa cha kampuni ya zamani ya kununua mashamba, kimekunjwa vizuri ndani ya nailoni. Ilinichukua miezi kuirudisha. Sasa hufanya upekuzi kwa msajili wa ardhi kwanza, nione jina, mkopo wa benki na vizuizi. Kama mwenye hati ni marehemu, mirathi imalizwe kwanza, hata kama watoto wote wanakubali. Mke au mume wa muuzaji akubali kwa maandishi. Kisha idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi: ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo kisheria mauzo ya shamba ni bure. Weka kando asilimia 2 ya bei kwa ushuru wa stempu. Ndani ya mipaka ya mji ni asilimia 4, na Nakuru ilipofanywa jiji mwaka 2021 wengi walianza kuuza mashamba kwa bei za mjini.

Ndiyo maana eneo la Bahati, jirani na Nakuru, naliweka la tatu tu. Udongo ni mtamu, lakini bei imeshahamia mjini. Kakamega na Vihiga sina la kusema sana: shamba ni robo eka ya kugawana ndugu sita.

Ya nne ni tambarare za Kano karibu na Kisumu, upande wa Ahero. Bei ni nafuu, na mpunga unapenda ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Lakini Mto Nyando hufurika. Kabla ya kumsikiliza muuzaji, angalia kuta za nyumba za jirani: alama ya tope ikikufika kiunoni, umejibiwa.

Ya mwisho ni upande mkavu wa Gilgil na Solai ya chini, ambako ndiko matangazo yanakong'aa. Ukiona leleshwa, kichaka cha nchi kavu, imetanda, jua mvua haitoshi mahindi. "Utachimba kisima," wanakuambia. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, ile inayofanya meno yetu wa Nakuru kuwa ya kahawia, kwa hiyo usipige hesabu ya maji ya kunywa kabla hayajapimwa. Nenda Januari, bila broka, umuulize mama yeyote mwenye mtungi ameyatoa wapi na ametembea muda gani.