Jeki ya tani 2, stendi mbili na raba yenye mfereji: uzoefu wangu nyumbani Nairobi

Jeki ya magurudumu ya tani 2 niliyonunua barabara ya Kirinyaga inafanya kazi vizuri kwa bei yake. Stendi nilizochukua pamoja nayo, vile vyuma vya kushikilia gari likishanyanyuliwa, ni bora zaidi. Lakini kitu ninachokishukuru kuliko vyote ni kipande cha raba nyeusi chenye mfereji katikati, ambacho muuzaji alikitoa chini ya meza baada ya mimi kuuliza. "Hii wengi hawaulizi, mkubwa," aliniambia. Wewe uliza. Kama una gari la kawaida kama Toyota Fielder yangu na unataka kubadilisha brekipedi au kuhamisha tairi mwenyewe pale unapokaa, usitoke dukani bila raba hiyo.

Sababu yenyewe iko chini ya milango. Inama utazame ubavu wa gari kwa chini: kuna ukingo wa bati unaoning'inia, kutoka karibu na tairi la mbele hadi karibu na la nyuma. Ni mabati yaliyokutanishwa na kuchomelewa pamoja. Nyuma kidogo ya tairi la mbele, na tena mbele kidogo ya tairi la nyuma, ukipapasa kwa kidole utakuta vikato viwili vidogo kwenye ukingo huo. Jeki inakaa katikati ya vikato hivyo, kwa sababu bati la hapo limeongezewa nguvu kwa ndani. Ukitoka nje ya vikato, hata kwa shubiri moja, unalibeba gari zima kwa bati jembamba.

Sasa tazama jeki ya magurudumu. Kikombe chake ni cha chuma, bapa katikati, na vimeno vinne pembeni. Kikombe hicho kikigusa ncha ya ukingo, uzito wote unakaa kwenye mstari mwembamba na bati linalala upande. Nimeliona kwenye gari langu mwenyewe: duka moja la tairi lililipandisha juu haraka haraka, hakuna aliyeinama kuangalia, na likanirudia na ukingo wa kushoto umekunjwa. Rangi ilipasuka pale pale. Mvua za masika zikaja, matope yakajaa kwenye ufa, na kutu ikaanza kula. Ilibidi kukwangua kwa brashi ya waya, kupaka praima ya kuzuia kutu, kisha andakoti, rangi nzito ya kukinga chini ya gari, juu yake. Raba ni shilingi mia chache. Fundi wa bodi hatakupokea kwa mia chache.

Raba ikikaa kwenye kikombe, ukingo unaingia kwenye mfereji ukiwa wima, na mabega ya raba yanabeba pande zote mbili. Jeki ile ndogo ya skrubu inayokaa kwenye buti, ukiitazama kichwa, ina mfereji kama huo huo. Watengenezaji wa gari wanajua ukingo unavyotakiwa kushikwa. Ila jeki hiyo ya buti ni ya pancha barabarani. Kazi ya kukaa saa nzima ukifungua breki si yake.

Kuhusu jeki yenyewe. Inashuka chini vya kutosha kupita chini ya Fielder isiyoshushwa springi, na kishikio kinaingia vizuri mkononi. Ninachokipenda zaidi ni jinsi inavyoteremsha gari: unazungusha kishikio kidogo kidogo, na gari linashuka taratibu bila kishindo. Jeki nyingine za bei rahisi nilizojaribu kwa marafiki zina vali isiyo na katikati, ni juu au ni chini ghafla. Hii ilipokuwa mpya ilipanda kwa kusitasita, kila pigo likionekana kupotea nusu. Hiyo ni hewa ndani ya mafuta. Fungua vali, pampu mara kadhaa bila mzigo, funga, na inatulia. Siku mafuta yakipungua, weka mafuta ya haidroliki ya jeki. Kuna anayekuambia mafuta ya breki ni sawa tu. Si sawa, yanaharibu sili, raba inayozuia mafuta yasivuje, na jeki iliyoharibika sili inaanza kushuka yenyewe ukiwa chini.

Na hapo ndipo stendi zinapoingia. Jeki ni ya kunyanyua. Kushikilia ni kazi ya stendi, na mimi siwezi kumsihi mtu vya kutosha juu ya jambo hili. Sili ni raba ndogo tu iliyo ndani ya silinda, na maisha ya mtu hayawezi kutegemea raba ndogo. Stendi zangu zina meno ya kupandisha na pini ya pili ya kufungia, ili jino likiteleza pini ishike. Soma maandishi ya boksi kwa makini: uzito ulioandikwa mara nyingi ni wa stendi mbili pamoja. Vichwa vya stendi navyo ni chuma, kwa hiyo nilinunua raba nyingine mbili ndogo za kuvalisha. Bila hizo utakuwa umelinda ukingo kwenye jeki kisha ukauponda kwenye stendi.

Kuna swali ambalo halisemwi dukani: jeki ikiwa imekaa kwenye vikato, stendi itakaa wapi? Jibu ni kunyanyua kutoka katikati. Kwa gari nyingi kuna chuma kinene cha mbele, krosimemba, ambacho kitabu cha gari kinakionyesha kwa mchoro. Ukinyanyua hapo, pande zote mbili zinapanda pamoja na vikato vinabaki wazi kwa stendi. Gari zetu nyingi zimetoka Japani na kitabu chake kimeandikwa Kijapani, lakini michoro na mishale inasomeka na mtu yeyote. Ukikosa kitabu, muulize fundi unayemwamini akuonyeshe kwa mkono. Usikisie. Karibu na krosimemba kuna sampu, chombo cha oili chini ya injini, bati laini kabisa, na jeki inaweza kuitoboa au kuibonyeza. Hapa ndipo jeki yangu inapopungukiwa: mkono wake ni mfupi, na kufika katikati ya gari inabidi kuisukuma hadi kishikio kibaki na nafasi ndogo ya kupigia chini ya bampa.

Suala la sakafu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwetu parking ni kabro, yale matofali ya saruji ya kutandaza chini, na kabro ina mifereji kila baada ya tofali. Jeki ya magurudumu haipandi wima. Mkono wake huzunguka kama tao, kwa hiyo kikombe kikipanda kinavutika nyuma. Jeki lazima ijongee kidogo ili kufuata. Gurudumu lake dogo likikwama kwenye mfereji wa kabro, kikombe ndicho kitakachoteleza, na kinaondoka na ukingo wako. Mimi natandika kipande cha plaiwudi nene, pana, laini, na jeki inateleza juu yake bila shida. Stendi nazo zinapata vipande vyao, maana kabro iliyopangwa juu ya mchanga inaweza kuzama upande mmoja. Lami ya mchana wa jua nayo hulainika. Kwenye mteremko sinyanyui kabisa, hata kama mteremko ni mdogo.

Keateka wetu, mtunza jengo, alikuja kusimama pembeni, mikono nyuma. "Bosi, oili isimwagikie kabro."

"Leo ni breki tu, mzee. Oili haifunguliwi."

Akabaki pale akitazama, na nilimwomba asisogee karibu wala asiegemee gari.

Kabari za tairi niliziagiza kwa fundi wa mbao, na ningenunua hata kama zingekuwa ghali. Hendibreki kwenye gari nyingi inashika tairi za nyuma. Ukinyanyua nyuma, hendibreki imeshika tairi zinazoning'inia hewani. Gia ya P kwenye gari linalovutwa na tairi za mbele inashika za mbele, kwa hiyo ukinyanyua mbele, nayo haikusaidii. Kabari kwenye tairi zilizobaki chini, mbele na nyuma yake, ndiyo inayolizuia gari kuondoka. Nati za tairi zilegeze kwa wilispana kabla ya kunyanyua, gari likiwa bado limesimama kwa tairi zake, usije ukawa unalitikisa likiwa juu.

Likishakaa kwenye stendi, ninalisukuma kwa mkono, pembeni na mbele. Likicheza, nalishusha na kuanza upya. Tairi nililotoa nalilaza chini ya mlango, ili kama lolote litatokea gari liangukie tairi. Na jeki naiacha imegusa tu, bila kubeba. Nikimaliza na tairi zimegusa chini, nati nazikaza kwa mpango wa nyota, yaani kutoka nati moja naruka hadi ya upande wa pili. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo cha nguvu ya kukaza ni Nm (nyutoni mita) 103, na kama huna spana ya kupimia, pitia kwa mtu wa tairi akakaze kwa kipimo.

Mwenye Probox, Vitz, Demio au Note, seti hii inakutosha. Pima raba kwa gari lako kabla ya kulipa, mfereji uwe na kina cha kumeza ukingo na upana usiobana. Mwenye Prado au Hilux aiache. Magari hayo hunyanyuliwa kwenye chesisi au ekseli, raba ya mfereji haiyahusu, na jeki hii itafika mwisho wa mkono wake kabla tairi halijaachana na ardhi. Atafute ya tani 3 inayopanda juu zaidi, na stendi ndefu za kulingana nayo.