Tahadhari: unga wa artemisia wenye "cheti cha maabara" unaouzwa Mwanza

Ndugu zangu wa Mwanza na mialo ya jirani, yuko muuzaji anayepita mtaa kwa mtaa na pakiti za unga wa majani ya mmea uitwao artemisia, akidai kwamba ameyalima mwenyewe na kwamba yanatibu malaria pasipo haja ya dawa mseto. Nilinunua pakiti moja kwa shilingi 15,000 kwa ajili ya mtoto wa dada yangu. Siku ya tatu homa ilikuwa imepanda zaidi. Tukamkimbiza zahanati, kipimo kikaonyesha malaria, na mseto ndio uliomwinua. Siku zile tatu bado zinaniuma.

Kinachowanasa watu ni karatasi yake, iliyoandikwa kwamba unga una artemisinini asilimia 5. Artemisinini ndiyo kemikali ya mmea huu inayoua vimelea vya malaria, iliyotengwa nchini China mwaka 1972 na kikundi cha mwanasayansi Tu Youyou, na hata mimea iliyolimwa kwa mbegu bora hutoa kama asilimia 1 hivi ya uzito wa majani makavu, mingi ikiwa chini sana ya hapo. Tarakimu ile peke yake inatosha kuikataa karatasi nzima. Tena hukupa unuse, akisema ukali wa harufu ndio uthibitisho, ilhali harufu hutoka kwenye mafuta ya majani na artemisinini yenyewe hainuki. Artemisia ya asili ya milima yetu, ambayo ni aina nyingine, hunukia vikali vilevile, ingawa kemikali hiyo ndani yake ni kidogo mno au haimo kabisa.

Nilipoumwaga unga kwenye sinia nilikuta vipande vingi vya mashina, ambamo artemisinini karibu haimo. Hata majani halisi hutofautiana kwa mbegu, wakati wa kuvuna na namna ya kukaushwa, na kwa kuwa kemikali hiyo haiyeyuki vizuri majini, hakuna ajuaye kikombe kimoja cha chai ya majani hayo kimebeba kiasi gani. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani hayo kwa malaria, kwani dozi hafifu huacha vimelea hai na kuvipa nafasi ya kuwa sugu.

Aliyekwisha kuunywa na bado ana homa aende akapimwe leo hii, hasa mtoto au mjamzito. Mwenye pakiti asiitupe. Aipeleke pamoja na karatasi yake ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hapa hapa Mwanza.