Hashima au Pyramiden: magofu yapi ya mji wa makaa ya mawe?

Kwa mkazi wa Mombasa aliyekwisha kuyazoea magofu ya Jumba la Mtwana na sasa anatamani mji uliohamwa majuzi, Hashima ndiyo rahisi kufikiwa. Kisiwa hicho karibu na Nagasaki, Japani, chenye hekta 6.3 tu, kilikuwa na wakazi 5,259 mwaka 1959, na mgodi ulipofungwa mwaka 1974 wote wakaondoka. Hata hivyo, mgeni hutembea kwenye njia maalumu tu, akiyatazama maghorofa ya zege kwa mbali. Na bahari ikichafuka, boti haitii gati, jambo lisilomshangaza aijuaye kusi.

Pyramiden, mji wa Warusi katika Svalbard, visiwa vya Norwei huko Aktiki, uliofungwa mwaka 1998, ni safari ngumu zaidi. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini njia hupitia Norwei bara, inayoidai kwa Mkenya, tena ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukifika, kiongozi hutangulia na bunduki begani kwa hofu ya dubu, mkipita chini ya sanamu ya Lenin inayotazama barafu. Kwangu mimi, huko ndiko kwa kwenda, mradi koti liwe zito.