Kinu kilichotia omena kwenye keki ya mama

Nianze na lililonichoma. Keki niliyooka kwa siku ya kuzaliwa ya mama yangu, aliyekuwa anatimiza miaka sabini, ilinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Si kidogo. Nilifungua oveni nikitarajia harufu ya chungwa na siagi, nikapokewa na harufu ya gunia la omena lililonyeshewa. Aliyeniletea hayo ni kijana wa kinu kimoja cha posho huku Kangemi, na nilipomrudia kumweleza alinipa jibu ambalo sijalimeza hadi leo.

Jina la kinu sitalitaja. Nataka tu kusema yaliyonipata, maana nimeona watu wakikisifia sana, na mimi mwenyewe nilipelekwa pale na sifa hizo.

Keki yenyewe ni ya polenta. Niliijua Malindi, nilikofanya kazi ya jikoni miaka kadhaa kabla ya kuhamia Nairobi. Pwani ile Waitaliano waliizoea tangu miaka ya 1960, walipoweka kituo chao cha San Marco cha kurusha roketi pale Ngomeni, na ukifanya kazi hotelini Malindi utajifunza vyakula vyao upende usipende. Mpishi mzee niliyekuwa chini yake alikuwa akisema polenta ni ndugu ya ugali. Ni kweli: kaskazini mwa Italia huchukua unga wa mahindi ya njano uliosagwa chenga chenga, wakausonga kwenye sufuria muda mrefu. Unga huohuo ukiuchanganya na siagi, sukari, mayai na lozi zilizosagwa, hupati keki ya kawaida ya ngano iliyojaa hewa. Hii ni nzito, ina unyevu, na ile chenga unaisikia kwenye meno. Ikitoka motoni unaimwagia shira ya chungwa na limau ingali moto, inainywa yote.

Nilikuwa na sababu ya kuchagua keki hii na si nyingine. Mama ni mtu wa Makueni, na mahindi ya njano hayagusi. Mwaka 1984 mvua ilipokosekana, serikali iliagiza mahindi ya njano kutoka nje, na kwa watu wa rika lake rangi ile imebaki kuwa rangi ya njaa. Ukimwambia kwamba njano ile ina karotini, na kwamba mwili huigeuza ikawa vitamini A, anakuangalia tu. Nilitaka mara moja katika maisha yake aketi mezani, watoto na wajukuu wamemzunguka, ale mahindi ya njano kwa raha, yakiwa na siagi na matunda juu. Nililiwaza jambo hili miezi.

Polenta ya pakiti ipo kwenye supamaketi za upande wa Westlands, lakini kwa bei ile ningelisha nyumba ugali wiki nzima. Na kwa nini ninunue mahindi yaliyovuka bahari? Nikashuka Nyamakima, nikazunguka kwa wauza nafaka mpaka nikapata mahindi ya njano safi, gorogoro moja, lile kopo la kama kilo mbili. Nyumbani niliyamwaga kwenye uteo nikachagua punje moja moja, iliyotoboka kando, yenye weusi kando. Hilo sihitaji kukumbushwa na mtu: mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu zaidi ya mia moja, wengi wao Makueni na Kitui, na kwetu hakuna anayepika mahindi bila kuyakagua.

Shida ni kusagisha. Kinu cha kawaida kimefungwa chekeche la matundu madogo, kwa sababu watu wanataka unga laini wa ugali na uji. Ukitaka chenga, chekeche lazima libadilishwe, na nani atazima mashine afungue bolti kwa ajili ya gorogoro moja? Vinu vitatu vilinikatalia. Hiki cha nne ndicho nilichoambiwa kina chekeche la kusagia chakula cha vifaranga, ambalo chenga yake ni ileile ninayoitaka.

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Nilimweleza yule kijana taratibu: kaka, nikobolee kwanza, kisha unisagie chenga chenga, ni ya kuoka keki. Akacheka. "Mathe, mahindi ya njano ni ya kuku." Nikanyamaza. Mtu mwenye shida yake havunji mlango wa anayemsaidia. Akakoboa, akayapitisha kwenye mashine ambayo tayari ilikuwa na lile chekeche, akanipimia, nikalipa nikaenda. Mfuko ulikuwa na harufu fulani. Niliisikia, lakini ndani ya kinu kuna vumbi, mkanda wa mashine unaungua, nikadhani ni hiyo tu.

Mniambie, mashine imetoka kusaga chakula cha kuku chenye omena, na mteja amekwambia kwa mdomo wake kwamba wake ni wa kula watu. Unashindwaje hata kupiga brashi?

Jioni hiyo nilioka kwa moyo wote. Siagi gramu 250, nikaipiga na sukari hadi ikawa nyeupe. Mayai manne, moja moja. Badala ya lozi niliweka korosho za Kilifi, gramu 200, nilizozisaga mwenyewe, na hizo korosho si za bei rahisi. Unga wa mahindi gramu 150. Bekingi pauda nilipunguza, kijiko cha chai kisichojaa, kwa sababu Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na keki ya vipimo vya Malindi ukiioka huku inapanda haraka kisha inabonyea katikati. Hilo nilijifunza kwa kuharibu keki nyingi nilipohamia. Nikaparuza maganda ya machungwa matatu, yale ya kijani ambayo ndani yameiva vizuri. Usidanganywe na rangi, joto la pwani ndilo linaloyaacha kijani. Unaparuza ngozi ya juu tu, yenye mafuta. Ukifika kwenye utando mweupe, acha, ni mchungu. Juu nikapanga plamu nilizozipata soko la Marikiti, maana ulikuwa msimu wake, nusu nusu, upande uliokatwa ukiangalia juu ili maji yake yasizamishe keki.

Harufu ya chungwa ilifunika kila kitu hadi moto ulipoanza kufanya kazi.

Wageni walikuwa wameshafika. Nilijidanganya kwamba shira itaiondoa ile harufu ya omena, nikaimwaga yote. Mama alikatiwa kipande cha kwanza kama ilivyo desturi. Akakitia mdomoni, akatafuna polepole, akaweka uma chini. Akasema kwa sauti ya chini, ili nisiaibike mbele za watu, "Mwanangu, hii inanuka ziwa." Akanywa maji. Wajukuu hawakuwa na adabu hiyo, walitema. Mkate na soda ndivyo vilivyotuokoa siku ile.

Asubuhi nilirudi kinuni na unga uliobaki. Sikwenda kupigana. Nilitaka anuse, akubali, anisagie upya, basi. Kijana hakunusa hata. Akasema, na foleni nzima inasikia: "Umeleta chakula cha kuku, nikasaga chakula cha kuku. Sasa kelele ya nini?" Watu wakacheka. Mama mmoja aliyebeba mtama alicheka hadi akajishika mbavu. Nilisimama pale na mfuko wangu mkononi, mtu mzima, na maneno yakakataa kutoka. Ningekuwa nimeandika siku hiyo, ningesema kile kinu kifungwe.

Kusema kweli, yaliyofuata yananipa taabu, kwa sababu yanaharibu hasira yangu.

Vinu vingine viliendelea kunikatalia. Siku chache baadaye nilinunua gorogoro nyingine nikaamka mapema, nikafika kabla hawajawasha mashine, kabla ya kuku wa mtu yeyote. Yule kijana alikuwa peke yake. Sikumsalimu, nikaweka ndoo juu ya mizani. Akaitazama, akanitazama. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba: akafungua bolti, akachomoa chekeche, akaligonga ukutani mpaka likaacha kutoa vumbi, akalipiga brashi pande zote mbili. Akaingiza mkono mzima ndani ya mashine, kwenye zile nyundo zinazosaga, akafuta kwa kitambaa. Akachota mahindi meupe kwenye gunia lake mwenyewe, akayapitisha yote, akanusa kilichotoka, akakimwaga kwenye debe la chakula cha kuku. Akapitisha mengine, akanusa tena. Ndipo akamimina yangu.

Ulitoka unga wa kupendeza. Nauandika hivyo na mkono wangu unasita, lakini ni kweli. Ulikuwa kama mchanga wa ufuoni jua likiwa linachomoza, kila chembe peke yake, haugandi kiganjani. Nimeshika polenta za pakiti za Italia, na hii haikuwa chini yake. Harufu ilikuwa ya mahindi tu, mabichi kidogo, kama hindi unalolivunja shambani. Kwa kusaga, yule kijana ana mkono, hilo nitalisema hata mahakamani.

Lakini hakusema pole. Neno moja! Alinitoza pesa kamili, akahesabu chenji, akageukia mteja aliyefuata. Nilibaki mlangoni kidogo nikisubiri, nikidhani labda anaona haya mbele ya mtu. Hapana.

Niliioka Jumapili, bila wageni, mimi na mama tu. Vipimo vilevile, machungwa yaleyale, ila plamu zilikuwa zimeadimika nikachanganya na stroberi, na stroberi zilitoa maji mengi kuliko nilivyopenda. Nawashauri mzikaushe kwa kitambaa kwanza. Dakika 45 kwenye moto wa 170. Katikati ilibaki laini, pembeni ikashika rangi ya kahawia, na nilipomwaga shira nilisikia ikinyweka, ile sauti ndogo ya chii chii. Mama alikula kipande. Akaongeza. Alipomaliza nikamwambia ni mahindi ya njano. Alikaa kimya akizigusa chenga zilizobaki kwenye sahani kwa ncha ya kidole, akizikusanya pamoja. Kisha akaniuliza kama yale ya 1984 yangeweza kuwa hivi, kama kungekuwa na sukari. Sikujua nimjibu nini. Akaniambia nimfungie kipande ampelekee jirani yake, ambaye pia aliyala mwaka ule.

Sasa hukumu yangu ni ipi? Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kuwaambia msikanyage pale. Nikisema hivyo sasa nitakuwa nimedanganya, maana kwa chenga za polenta sijui kinu kingine Nairobi kitakachokuhudumia. Basi nendeni. Nendeni alfajiri, mashine ingali baridi, na mumwambie aisafishe mbele ya macho yenu, anajua kuisafisha vizuri kuliko yeyote niliyemwona. Na hilo ndilo linalonipandisha hasira upya kila nikilikumbuka: alijua. Kumbe siku ile ya kwanza alijua kabisa namna ya kuisafisha, akanitazama mimi na mahindi yangu ya njano, akaona sistahili kupigiwa brashi. Mama hatatimiza miaka sabini mara ya pili. Kile kicheko cha foleni nacho hakijarudishwa.

Kwa hiyo hapana, siwezi kumsifia. Unga ndiyo, yeye hapana. Nitakwenda tena mwezi ujao kwa sababu mama ameomba keki ya kupeleka kanisani, na nitasimama palepale mbele ya mizani kama mteja mwingine yeyote. Siagi, mayai manne na zile korosho za Kilifi bado anadaiwa.