Mifuko tisa ya Ocrevus

Wiki iliyopita binti wa ami yangu alinipigia simu kutoka Mombasa, usiku wa manane wa kwao. Daktari amemwambia ana maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS, ugonjwa ule ule nilio nao, akamtajia na dawa za dripu asizozielewa. "Dada, wewe umekaa kwenye hicho kiti. Niambie ukweli." Tukazungumza mpaka kwao kukaadhiniwa alfajiri. Alikuwa ametafuta maelezo ya Kiswahili na aliyoyapata hayakumtosha, ndiyo nikaona niyaandike na wengine wayasome. Dawa ninayoitolea maoni ni Ocrevus, jina lake la kitaalamu okrelizumabu. Nimetundikiwa mifuko tisa, wa kwanza Februari 2022 na wa mwisho Agosti 2025.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, nina miaka 43, na kazi yangu ni kupika katika nyumba ya wazee hapa Oakland, California. Ugonjwa niliugundua jikoni. Nilikuwa nakata pilipili hoho nyekundu, nikaziona zina rangi ya tofali kuukuu. Nikafumba jicho la kulia: nyekundu. Nikafumba la kushoto: tofali. Siku ya tatu jicho la kulia likawa kama limefunikwa shashi, na kila nikiligeuza linauma kwa ndani. Mwaka uliotangulia miguu iliwahi kufa ganzi wiki mbili nzima, nikasema ni kusimama sana. Tena kila nikiinamisha shingo kwenye rukuu, kitu kama stima kilishuka mgongoni hadi vidole vya miguu. Mamangu aliposikia habari ya stima alinitumia kombe kwa msafiri. Nililinywa, kwa imani yangu na kwa heshima yake, kisha nikaenda kupigwa MRI. Picha ikaonyesha madoa kwenye ubongo na moja kwenye uti wa mgongo, shingoni.

Ugonjwa wenyewe ni hivi: kinga ya mwili, iliyowekwa ipigane na vijidudu, inageuka na kuguguna utando unaozifunika nyuzi za neva, kama panya anavyoguguna plastiki ya waya. Waya ukibaki uchi, ujumbe unapotea njiani. Ndiyo jicho, ndiyo ganzi, ndiyo ule uchovu ambao mtu asiyeujua hawezi kuelezwa akauelewa.

Sasa dripu. Kabla ya yote unapimwa damu, hasa homa ya ini aina ya B, maana dawa hii inaweza kuamsha virusi vilivyolala. Kwa watu wa kwetu kipimo hiki si cha kurukwa. Wapo wengi kwetu wenye virusi hivyo bila kujua. Dozi ya kwanza hugawanywa mara mbili, miligramu 300 na nyingine 300 baada ya wiki mbili. Kuanzia hapo ni 600 kila miezi sita. Siku yenyewe wanaanza kukupa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye mshipa na dawa ya mzio, ndipo mfuko unafunguliwa taratibu. Dozi kamili kwangu huchukua karibu saa tatu na nusu, halafu saa moja ya kuangaliwa kabla hujaruhusiwa. Mfuko wa kwanza koo liliniwasha na masikio yakapata moto; nesi akapunguza kasi, yakaisha. Tangu wa tatu sijawashwa tena. Usiku wake hulali vizuri, steroidi hiyo, na kesho yake mwili ni kama umefanyishwa kazi ya shamba.

Chumba nilichoanzia, na jina lake sitalitaja, sikukipenda. Baridi kali, viti tisa, nesi mmoja. Alinichoma mara nne kutafuta mshipa, akasema mbele yangu kwamba ngozi yangu "ina shida". Ngozi yangu haina shida. Nilipohamia kwingine nesi wa kwanza alinifunga kitambaa cha moto mkononi dakika tano, akaupata mshipa kwa kidole bila hata kuuangalia. Basi kunyweni maji ya kutosha tangu jana yake, ombeni kitambaa cha moto, na bebeni leso mbili, moja ya kujifunika na moja ya miguu.

Matokeo? Kwa miaka mitatu na nusu sijapata shambulio jipya hata moja, na MRI nne zilizopigwa tangu hapo hazina doa jipya. Kabla ya dawa nilipata mashambulio mawili ndani ya miezi kumi na minne. Kilichokwisha kupotea hakikurudi: jicho la kulia bado linaiona nyekundu iliyochoka, na saa tisa alasiri lazima niketi. Ila nimesimama jikoni mwangu, na namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Nilipoona imenifaa nilitaka kujua nani aliifikiria. Ndipo nikakutana na habari za Stephen Hauser, daktari wa neva wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ng'ambo ya ghuba tu kutoka ninapoishi. Sijawahi kumwona ana kwa ana, lakini nimeisoma kazi yake kama mtu anavyosoma barua aliyoandikiwa. Alipokuwa daktari kijana Boston alimhudumia mwanasheria wa kike ambaye ugonjwa huu ulimwondolea usemi na hata uwezo wa kumeza. Hakukuwa na cha kumpa. Mwaka 1983 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kutumia dawa kali za saratani kuikandamiza kinga yote ya mwili. Ni kama kuichoma nyumba ili kumwua nyoka, na nyoka mwenyewe walikuwa hawajamjua ni yupi.

Wakati huo karibu wote waliamini mkosaji ni seli T, kundi moja la askari wa damu. Sababu yao ilikuwa panya wa maabara: ukiwapa ugonjwa unaofanana na huu, ni seli T zinazouleta. Hauser na mwenzake Claude Genain wakahama kutoka kwa panya, wakaenda kwa marmoseti, kima wadogo wa Amerika Kusini. Kwa marmoseti seli T peke yake zilileta uvimbe, lakini ule utando wa neva haukuvuliwa kama unavyovuliwa kwa binadamu mpaka ziongezwe kingamwili, zile protini za damu zinazonasa vijidudu. Kingamwili asili yake ni seli B, kundi jingine la askari hao wa damu. Basi akauliza: je, tukiziondoa seli B?

Dawa ya kuziondoa ilikuwa tayari ipo, rituksimabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1997 kutibu saratani ya tezi za limfu. Alipoomba fedha za serikali afanye jaribio, waliopitia ombi wakaliona halina mashiko ya kibaiolojia, likakataliwa. Hapa huwa natua. Yule mwanasheria wa Boston hakuwa na dawa. Na mimi, kama mtu huyu angerudi nyumbani siku ile akafunga faili, nisingekuwa nayo. Alikwenda kwa kampuni ya Genentech, wakakubali jaribio dogo. Watu 104: 69 wakapewa rituksimabu, 35 dripu isiyo na dawa. Matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Madoa yanayowaka kwenye MRI yalipungua kwa asilimia 91.

Na kuna jambo linalonifanya nimheshimu zaidi. Nafuu ilikuja ndani ya wiki chache, mapema mno kuliko kingamwili zinavyoweza kupungua. Maana yake alikuwa amemshika mkosaji sahihi kwa sababu isiyo sahihi: ni seli B zenyewe zinazochochea vita, wala si kingamwili alizozidhania. Hilo hakulificha, amekuwa akilisema wazi mwenyewe. Okrelizumabu ikatengenezwa kwa njia ile ile, ila sehemu yake iliyotokana na panya ni ndogo kuliko ya rituksimabu. Ilijaribiwa kwa watu 1,656 katika majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2017, na mashambulio yakapungua kwa karibu nusu kulinganisha na sindano za intaferoni, dawa ya zamani ya ugonjwa huu. Machi mwaka huo ikaruhusiwa Marekani. Aprili 2025 Hauser akapewa tuzo ya sayansi ya Breakthrough pamoja na Alberto Ascherio wa Harvard, aliyeonyesha kwamba virusi vya Epstein-Barr ndivyo vinavyoutangulia ugonjwa huu. Siku hiyo nilipika pilau kazini, wazee wakauliza kuna harusi ya nani.

Sasa kasoro, msije mkasema nimewapamba. Ya kwanza ni bei. Ilipoingia sokoni bei yake ya orodha ilikuwa dola 65,000 kwa mwaka. Mimi nina bima. Bila bima nisingeigusa. Ya pili, maradhi ya kifua: Januari iliyopita kikohozi kilinikaa wiki tatu, mwenzangu kazini siku nne. Ya tatu ni chanjo, na hii inawahusu sana mnaosafiri kwenda nyumbani. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, na ukishaanza dripu huruhusiwi kuipata. Chanjo za namna hiyo zinatakiwa zipigwe angalau wiki nne kabla ya dozi ya kwanza. Mimi hakuna aliyeniambia. Nilipotaka kutoka Mombasa kwenda harusini Unguja, nilihitaji barua ya daktari ya kusamehewa chanjo, na niliishika mkononi njia nzima kama mtoto.

Kwa hiyo dawa naipa nyota tano, chumba changu cha kwanza mbili, cha sasa tano.

Lakini binti wa ami hana bima ya Oakland, na Ocrevus si ya kumwambia auze kiwanja. Nilichomwambia ni aulize habari za dada mkubwa, rituksimabu. Kwenye karatasi ya daktari itaandikwa rituximab. Siku hizi inatengenezwa na kampuni nyingi, na bei yake iko chini sana kuliko ya Ocrevus. Sweden wanaitumia kwa wagonjwa wa MS kwa miaka mingi, na jaribio lao la mwaka 2022 lilionyesha asilimia 3 tu ya walioitumia walipata shambulio, dhidi ya 16 kwa waliokunywa vidonge vya kulinganishia. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya ugonjwa huu. Mtu akikwambia hiyo ni dawa ya saratani tu, mtajie orodha hiyo.

Jumatatu anakwenda kwa daktari wake. Nimemsomea maswali manne ayaandike: kipimo cha homa ya ini B, chanjo zipi kabla, gharama ya rituksimabu ya mwaka mzima pamoja na kitanda, na nani atakayeisoma MRI baada ya miezi sita. Jana kanitumia picha ya karatasi. Chini ameongeza la tano mwenyewe, kwa herufi ndogo: je, nitaweza kuzaa? Nimemwambia hilo alipandishe juu, aliulize la kwanza.