Kitenganishi cha Diski: Tathmini ya Miaka Miwili ya Kutenga Mafuta na Maji

Mashine ninayoitathmini hapa ni kitenganishi kidogo cha diski, yaani bakuli lenye diski ndani linalozungushwa kwa kasi kubwa, kile ambacho mafundi wa meli hukiita purifaya, nacho tumekitumia karakanani kwa miaka miwili kwa kazi mbili tofauti: kuondoa maji katika mafuta ya kulainishia mitambo, na kuondoa mafuta katika maji yaliyooshea vipuri. Sitaji jina la mtengenezaji, kwa kuwa karibu yote nitakayoyasema yanahusu aina nzima ya mashine hizi. Hukumu yangu ni kwamba kazi ya kwanza inaifanya vizuri kupita matarajio yetu, na kazi ya pili inaifanya vizuri pale tu maji yanapofika kwenye bakuli lake yakiwa hayajavurugwa njiani. Tofauti hiyo inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayowafanya wanunuzi wengi wailaumu mashine isiyo na kosa.

Anayetegemea tanki la kutulia anajua subira inayohitajika. Tone la mafuta lenye kipenyo cha mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, likiwa jepesi kuliko maji kwa kilo 100 hivi katika kila mita ya ujazo, hupanda takriban sentimita 2 tu kwa saa nzima. Tone la mikroni 50 hupanda karibu nusu mita kwa muda huo huo, kwa kuwa kasi ya kupanda hukua kwa mraba wa kipenyo. Bakuli la mashine yetu lina kipenyo cha sentimita 20 na huzunguka mara 7,000 kwa dakika, hivyo kani iliyopo ukingoni mwake huzidi mvutano wa dunia zaidi ya mara 5,000. Tena tone halilazimiki kuvuka tanki zima, bali mwanya wa nusu milimita hivi kati ya diski mbili, ambapo hugusa uso wa diski, huungana na matone mengine na kuteleza kuelekea katikati. Safari ambayo tankini ingechukua saa nyingi humalizika katika sehemu ndogo ya sekunde.

Wazo lenyewe ni la zamani. Msweden Gustaf de Laval alitengeneza mashine yake ya kutenga malai na maziwa mwaka 1878, na diski zenye umbo la pia ziliongezwa baadaye kutokana na hataza ya Mjerumani Clemens von Bechtolsheim. Ni diski hizo, zilizopangwa moja juu ya nyingine, zilizoifanya mashine ndogo iweze kazi ya mashine kubwa.

Nianze na mafuta. Kabla ya kuyaingiza, bakuli hujazwa maji kidogo yanayokaa ukingoni na kuziba njia ya kutokea maji; fundi akiisahau hatua hii, mafuta yote hutoka kupitia mlango usio wao. Baada ya hapo kila kitu hutegemea mahali ulipo mpaka kati ya tabaka la mafuta na tabaka la maji, na mahali hapo huamuliwa na pete moja yenye tundu katikati, ambayo huchaguliwa kulingana na densiti ya mafuta. Tundu likiwa kubwa mno, mpaka husogea nje hadi kizibo cha maji kikavunjika. Likiwa dogo mno, mpaka huingia katikati ya diski na mafuta hutoka yakiwa na maji. Kanuni tuliyoifuata kwa kazi hii ni kutumia pete yenye tundu kubwa kuliko zote lisilovunja kizibo, na haijatuangusha. Malalamiko yangu makubwa yapo hapa: muuzaji alituletea seti ya pete bila jedwali la kuzichagua, tukalazimika kuzijaribu moja baada ya nyingine kwa siku tatu. Jedwali hilo ni sehemu ya mashine kama ilivyo shafti, na mnunuzi asikubali kupokea mzigo bila hilo.

Joto ni nusu ya kazi. Mafuta mazito ya injini za meli hupashwa hadi nyuzi 98 za Selsiasi kabla ya kutengwa, kwa sababu mnato hupungua sana na tofauti ya densiti na maji huongezeka kidogo. Mafuta yetu ni mepesi kuliko hayo, lakini tulipoongeza joto kwa uangalifu na kupunguza kasi ya kuingiza, mafuta yaliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa yalitoka yakiwa angavu. Uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine ni kiwango cha juu inachoweza kupitisha; kiwango cha kufanya kazi nzuri ni kidogo kuliko hicho, wakati mwingine chini ya nusu.

Kazi ya maji ilitusumbua. Kwa wiki kadhaa maji yaliyotoka yalikuwa meupe kama yaliyosuuza chombo cha maziwa, hata tulipobadilisha pete na kuuvuta mpaka kuelekea katikati, kama inavyotakiwa mtu anapotafuta maji safi badala ya mafuta safi. Chanzo kilikuwa nje ya bakuli. Pampu iliyokuwa ikileta maji ilikuwa ya pangaboi lenye mwendo wa kasi, nayo ilikuwa ikiyakatakata matone; tone likikatwa hadi nusu ya kipenyo chake, kasi ya kutengana kwake hushuka hadi robo. Tulipoweka pampu ya skrubu inayosukuma polepole, hali ilibadilika siku hiyo hiyo. Kilichobaki kilikuwa sabuni. Dawa kali ya kuondolea grisi huyavika matone utando unaoyazuia kuungana, na emulsheni ya namna hiyo, yaani matone madogo ya mafuta yaliyosambaa majini bila kuungana, huweza kuishinda hata kani ya mara 5,000. Tulihamia sabuni inayoachia mafuta haraka, tukayapasha maji hadi nyuzi 60, ambapo mnato wake huwa chini ya nusu ya ule wa nyuzi 20, na tangu hapo sina la kulalamikia.

Wapo watakaouliza kwa nini tusingenunua haidrosaikloni, yaani chombo chenye umbo la pia ambamo maji yanayoingia kwa kasi hujizungusha yenyewe, ambayo haina sehemu inayozunguka na haihitaji fundi wa beringi. Kwa matone makubwa na maji mengi yanayokuja kwa mtiririko usiobadilika, ningewaunga mkono. Kwa matone ya mikroni chache inashindwa, na mtiririko ukipungua, nayo hupoteza nguvu, kwa sababu mzunguko wake unatokana na mtiririko huo huo. Lakini hata diski hazina uwezo juu ya mafuta yaliyoyeyuka ndani ya maji. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi utokanao na meli, MARPOL, huruhusu meli kumwaga baharini maji ya chini ya injini yenye mafuta yasiyozidi sehemu 15 kwa milioni, na kipimo cha mafuta huwekwa kwenye bomba la kutokea kwa sababu macho hayawezi kuthibitisha kiwango hicho. Nasi tuliweka kipimo chetu, na ningemshauri kila mwenye mashine hii afanye hivyo badala ya kuamini uangavu wa maji.

Kuhusu usafishaji, bakuli letu ni la kufunguliwa kwa mkono, na tope lililojikusanya ukingoni huondolewa kila baada ya siku chache. Ni kazi chafu ya saa moja na nusu, na mwenye tope jingi angefaa kulipia aina inayojisafisha yenyewe. Bakuli lisifunguliwe kamwe kabla halijasimama kabisa, hata kama kusubiri kunachukua dakika nyingi, maana chuma kizito chenye mwendo ule hakina tofauti na risasi. Diski zirudishwe kwa mpangilio wake, sehemu za bakuli moja zisichanganywe na za jingine, na alama za kwenye nati kubwa zilingane kama mwongozo unavyosema; mtikisiko wowote mpya ni sababu ya kuzima papo hapo. Katika miaka miwili tumebadilisha beringi mara moja na gasketi mara nyingi.

Kwa anayefikiria kununua, kipimo ninachokiamini ni kuchukua sampuli ya maji yake halisi, yakiwa na joto la kazini, na kuizungusha kwenye mirija ya sentrifyuji ndogo ya maabara mbele ya muuzaji. Mafuta yakijitenga juu na kuacha maji angavu chini, mashine itaiweza kazi hiyo. Maji yakibaki meupe, fedha zianze kwenye pampu na sabuni.